Satelaiti Isiyobisha Hodi

Wazazi wenzangu wa Bukoba na Muleba, natangaza rasmi: mtoto asianze kusomea uhandisi wa mitambo ya angani kabla satelaiti yake haijaripoti ofisi ya kata. Mimi niliishia darasa la saba, sikulijua hilo, nikaumia.

Binti yangu Nuriat anasoma shahada ya pili kwa mtandao. Chuo kiko ng'ambo, yeye yuko sebuleni. Sasa chuo kikataka fomu ya utambulisho igongwe muhuri wa kata kabla ya Ijumaa, la sivyo hafanyi mtihani, na mwaka umekufa.

Tukaenda kwa mtendaji, Bwana Ishengoma. Ni mtu makini sana. Ana kamati ndogo inayofuatilia kamati ndogo.

"Unasomea nini, binti?"

"Satelaiti, mzee. Ya mazoezi yetu inapiga picha za migomba. Huu mwaka wa tatu inapita juu yetu kila siku."

Akavua miwani. "Inapita kwenye kata yangu? Na haijawahi kubisha hodi?"

"Mzee, iko kilomita mia tano juu."

"Wageni wa Dar es Salaam wanatoka mbali zaidi, na wanasaini."

Nikapiga magoti. "Waitu, mzee wetu, mtoto ataharibikiwa!"

"Mama Nuriat, utaratibu haupigiwi magoti. Mgeni asaini daftari, muhuri utatoka."

Siku hiyo hiyo akaandika wilayani kwa fahari: amegundua mgeni asiyesajiliwa, apitaye kila siku kwa miaka mitatu.

Alhamisi asubuhi jibu likaja. Wilaya ilimpongeza. Kisha ikauliza: miaka yote hiyo mtendaji alikuwa wapi? Akabidhi muhuri kwa msaidizi wake, Kokubanza, na amsubiri mgeni yeye mwenyewe, nje, mpaka saini ipatikane.

Kokubanza aligonga fomu yetu hata kabla hatujakaa. "Mgeni sasa ni wa bosi, mdogo wangu. Wewe kafanye mtihani."

Akaufanya.

Jumamosi Bwana Ishengoma akatujia na kigoda, mwavuli na daftari la wageni. Sauti imeshuka.

"Mwanangu, leo anapita saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi na mbili, mzee."

Akaandika. "Na husimama wapi?"

"Hasimami. Tangu arushwe hajasimama."

Akatazama juu, akafungua kalamu. Nikamfungia kahawa za kutafuna kwenye jani la mgomba. Nilimjazia, maana alikuwa na kazi ya miaka.