Mwalimu wa Ukutani

Jumatatu, 9 Machi

Kwa heshima na taadhima naiandikia historia: leo, saa nne na dakika kumi asubuhi, shule yetu imepata projekta. Moja. Mwalimu Mkuu aliitoa kwenye boksi taratibu, kama anayemfunua mtoto mchanga. Hata karani alisimama.

Halafu akatuharibia raha. Amesema kifaa kimoja hakiwezi kugombaniwa na walimu kumi na tisa. Mkaguzi anakuja Alhamisi. Atakayemwonyesha jambo ambalo wanafunzi hawawezi kulifanya kwa ubao na chaki, projekta ni yake mwaka mzima. Wengine tuendelee kula vumbi.

Naitaka! Nafundisha Sayansi mikondo sita, yaani kila somo nalisema mara sita, na ikifika Ijumaa sauti yangu ni ya bawaba kavu. Nina miaka hamsini na mbili. Magoti nayo yameanza kutoa maoni.

Mpinzani ni mmoja tu: mwalimu wa Jiografia, tunayemwita Mtaalamu tangu alipoiponya printa ya ofisi kwa kuipiga kofi. Nimemwona akitabasamu peke yake. Dalili mbaya.

Jumanne, 10 Machi

Nimepata! Nijirekodi mara moja, projekta ifundishe mara sita, mimi nipumzike stoo ya maabara. Nashangaa dunia imechelewa wapi kuligundua hili.

Mke wangu, fundi cherehani, aliacha gauni la mteja ili anirekodi kwa simu. Akasema, Baba watoto, rudi nyuma, tumbo limefika kwenye picha kabla yako. Nikarudi nyuma. Nikaangusha pasi. Tukaanza upya.

Mara ya nne niliwaka moto! Mada: jiwe linalobembea kwenye uzi. Sikushika hata karatasi. Nikatamka kwa sauti nzito kwamba jiwe likiwa zito zaidi, hubembea haraka zaidi. Mke wangu akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia nina miaka ishirini na saba kazini. Akasema hakuuliza hilo.

Jumatano, 11 Machi

Mtaalamu ana slaidi themanini na nne. Herufi zinashuka kama mvua, zinajizungusha, na mwisho kompyuta inajipigia makofi yenyewe. Chai imenishinda.

Nikamfichia waya wa umeme asipate kufanya mazoezi. Nyuma ya kabati la maabara. Saa nane Mwalimu Mkuu akatangaza kwamba waya usipopatikana hakuna atakayeonyesha chochote. Wala mimi. Hilo sikulipigia hesabu. Nikautafuta kwa jasho mbele ya watu, nikaupata dakika ya tatu. Nimeshukuriwa hadharani! Mtaalamu ilibidi anipe mkono.

Alhamisi, 12 Machi

USHINDI!

Mtaalamu alitangulia. Herufi zikanyesha. Mkaguzi, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, akamuuliza mwanafunzi mmoja kwa nini mto hupinda. Akajibiwa kwamba hajui, shikamoo, ila ile herufi M ilikuja ikibiringika vizuri sana.

Kisha mimi. Mkaguzi ameandika ukurasa mzima! Amesema katika ziara zake zote hajaona teknolojia ikitumiwa kwa kusudi kama hili. Ameipa jina mbinu yangu: kosa la makusudi. Projekta ni yangu. Mtaalamu amekaa pembeni akikunja waya wake polepole, nikamhurumia kwa kama sekunde mbili.

Nimemwambia mke wangu kila kitu. Akataka kujua nilifanya nini hasa. Nikasema mambo ya kitaalamu.

Ijumaa, 13 Machi

Nimetangazwa mstarini asubuhi. Makofi ya watu, si ya kompyuta!

Sasa, kwa kuwa daftari hili hukaa chini ya vitambaa na halisomwi na mtu, niandike ilivyokuwa.

Niliwasha video, nikamwambia mkaguzi kwamba mwanafunzi hujifunza vizuri akiachiwa nafasi, nikaingia stoo. Niliketi juu ya boksi la vitabu. Nikaegemea lingine. Nikalala.

Niliamshwa na kelele. Nikatoka mbio. Ukutani nilikuwepo mimi, mkubwa kama mlango, mdomo wazi, jicho moja limefumba, nimegandishwa. Mawe yananing'inia kwenye kila dawati. Mkaguzi yuko chini, amepiga magoti, anahesabu kwa saa ya simu: kumi na nane, kumi na tisa, ishirini!

Kiranja, msichana asiyecheka ovyo, akanieleza kwa adabu. Nilipotaja habari ya jiwe zito walinisimamisha. Wakanirudisha nyuma, wakanisikiliza tena. Mara tano. Wakaona bora wapime. Uzi uleule, jiwe kubwa, jiwe dogo: sekunde zilezile. Walipofupisha uzi, ndipo jiwe likaenda haraka. Nikamuuliza kwa nini hawajawahi kunisahihisha miaka yote. Akasema, Mwalimu, ukiwa mbele yetu tutakukatizaje? Ukutani si utovu wa adabu, ni kubonyeza tu.

Mkaguzi akainuka akipangusa magoti. Akauliza kama kosa lile nililiweka kwa makusudi.

Darasa zima likanitazama. Mimi wa ukutani pia.

Nikasema mwalimu hafichui mbinu zake zote.

Mwalimu Mkuu, aliyefuatana naye, aliliangalia shavu langu tu. Nilipofika nyumbani nilikuta limechorwa mistari ya boksi kutoka sikioni hadi kidevuni.

Lakini jamani, nimeshinda! Wiki ijayo natakiwa kuwafundisha walimu wenzangu mbinu yangu, na Mtaalamu atakaa mbele kabisa. Nimeshanunua mto wa kuweka stoo. Zimebaki video arobaini za kurekodi, kila moja na kosa lake. Jioni nimekaa na kalamu, nimeshindwa hata kosa la kwanza. Kila ninachokijua nakiona sahihi.

Nimemwomba mke wangu ushauri. Hakuinua kichwa kwenye cherehani. Amesema, Baba watoto, makosa usijisumbue kuyapanga. Wewe zungumza tu.

Raha iliyoje kuishi na mtu anayekiamini kipaji chako! Kesho tunaanza kurekodi.