Keki ya Matufaha na Haki ya Kusema

Jumamosi, 1 Oktoba 2011

Nimezibwa mdomo. Rasmi! Barua pepe ya Adelina, mwenyekiti wa Umoja wetu wa watu wa nyumbani huku ughaibuni, imeingia asubuhi: kwenye chakula cha Sikukuu ya Shukrani, Jumamosi ijayo, hakuna hotuba. Sababu hakuitaja. Hakuwa na haja. Mwaka jana nilizungumza dakika sabini na wali ukapoa. Wali! Mataifa yameanguka kwa kuogopa maneno. Sisi tunaogopa wali kupoa.

Na jioni hiyo hiyo kutapigwa kura. Frank, wa mji jirani wa Pickering, anataka darasa la Kiswahili la Jumamosi lifungwe, ukumbi wapewe watoto wacheze mpira wa kikapu. Darasa langu! Miaka sita nimelifundisha. Wanafunzi tisa, wanne wakiwa macho. Frank anadai watoto wanajibu Kiingereza hata hivyo. Ndiyo maana wanafundishwa, Frank! Mgonjwa hafukuzwi hospitali kwa kosa la kuumwa. Binti yangu mwenyewe, Domina, ananielewa kila neno na kunijibu Kiingereza. Mimi nimemfukuza?

Nimeisoma barua mara tatu. Mwanya upo. Mstari wa mwisho: mwenye keki atasema maneno machache wakati keki inakatwa; ikiisha kukatwa, naye ameisha. Keki iwe imeokwa nyumbani, maana mwaka jana Frank alileta ya dukani, imeandikwa pongezi kwa mtoto asiyejulikana.

Nimejitolea ndani ya dakika moja. Sijawahi kupika kitu kisichokuwa ugali.

Jumapili, 2 Oktoba

Nimeshuka ghorofa mbili kwa Mama Nazmin. Mzaliwa wa Tanga. Yuko kwenye jengo letu hapa mtaa wa Flemingdon Park tangu enzi lifti zote mbili zikifanya kazi. Kiswahili chake kimetulia kuliko changu, kosa ninalomsamehe. Kila majani yanapoanza kudondoka huoka keki ya kunywea kahawa: unga wa hamira, matufaha, mdalasini, na jozi, zile kokwa zenye sura ya ubongo. Ngazi nzima hunukia.

Ameniandikia maelezo yote nyuma ya bahasha. Akasema, Mwalimu, keki ya hamira haitaki maneno, yataka subira. Nikamweleza kwamba historia nzima ya binadamu ni ushahidi dhidi ya subira. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ninalo bakuli.

Jumatatu, 3 Oktoba

Bahasha inasema maji ya vuguvugu. Vuguvugu! Neno la watu wasio na msimamo. Mimi nimekulia Dodoma. Kwetu unga haukutani na maji mpaka maji yachemke. Nikachemsha. Nikatia hamira, nikatia unga, nikashika mwiko, nikasonga kwa nguvu zangu zote. Donge likatoka safi, halishiki sufuria. Mama yangu angejivunia.

Sara, mke wangu, akarudi kutoka kazini na kusimama mlangoni na koti lake. Baba Domina, akauliza, umeisonga keki? Nikasema nimeikanda. Akachungulia. Akasema huo ni ugali wa ngano, na hamira nimeiua ikiwa bado inaamka.

Nimeioka hata hivyo, pamoja na matufaha na jozi zake, kwa hasira. Imetoka kama tofali la msingi. Kisu cha mkate kimepinda. Domina amecheka, kwa Kiingereza.

Tofali nimeliweka juu ya friji.

Jumatano, 5 Oktoba

Jaribio la pili. Maji ya vuguvugu, nimekubali. Kwa saa tatu nzima nimekaa nikiutazama unga na unga ukinitazama. Hauumuki! Sababu si mimi. Sababu ni wenye jengo, ambao hawajawasha joto. Sheria ya jiji inataka nyuzi ishirini na moja tangu katikati ya Septemba. Nimepima: kumi na saba. Nimeandika barua ya kurasa nne, nikaipeleka mwenyewe ofisini chini.

Meneja amenipigia simu. Akauliza kama ndani kuna mtoto mchanga au mgonjwa. Nikasema kuna unga. Akakata.

Basi nimeuvisha unga koti langu la baridi, nikaulaza kitandani, nikaufunika blanketi mbili. Ukaanza kuumuka! Nilikwenda jikoni kumenya matufaha nikiimba. Sara akarudi kutoka zamu, amechoka, hakuwasha taa, akajitupa kitandani.

Sitaandika zaidi. Ameoga mara mbili. Koti halitafaa tena.

Alhamisi, 6 Oktoba

Mama Nazmin amenihurumia. Ameniita kwake nioke chini ya macho yake. Yaani yeye ameoka, mimi nimesoma bahasha kwa sauti. Alinikataza kugusa chochote isipokuwa matufaha. Aliufunika unga kwa kitambaa karibu na jiko, akakaa, akanyamaza. Mimi nilijaza ule ukimya kadiri nilivyoweza.

Lakini keki! Imepanda, imepasuka kidogo juu, sukari imeyeyuka kando, jozi zinachungulia. Nikamwomba tuikate nipime muda. Akashangaa, akanipa kisu. Kisu kikapita kama kwenye siagi. Vipande kumi na viwili, sekunde arobaini na mbili.

Sekunde arobaini na mbili! Kwa sekunde arobaini na mbili mtu ataitetea lugha ya mamilioni? Keki nzuri, kumbe, ni adui wa fikra.

Mama Nazmin akasema ataniokea nyingine ya kupeleka Jumamosi. Niliikataa kwa heshima zote, kwani tayari nilikwisha kuliona jibu. Liko juu ya friji yangu. Kwa adabu nikamkaribisha aje kula nasi. Akasema atakuja, mwanangu, inshallah.

Ijumaa, 7 Oktoba

Nimelifanyia tofali majaribio ya kisayansi. Kipande kimoja: dakika tatu na nusu, kwa kisu kipya, mtu mwenye nguvu akikata. Watu watakuwa sitini. Hesabu ifanywe na yeyote anayebisha. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nina muda kuliko maneno. Imenibidi niongeze sura mbili.

Nimelipaka sukari nyeupe, nikapanga vipande vya tufaha juu. Linavutia. Sara amesema watu watavunjika meno. Nikamwambia uhuru una gharama. Akasema gharama hizo nizilipe kwa meno yangu. Kisha akaninyoshea shati la kesho, bila kuombwa. Wanawake!

Jumamosi, 8 Oktoba

Naandika kabla hata sijavua viatu.

Ukumbi ulijaa. Frank aliingia na ndafu: mbuzi mzima, kachomwa uani kwake, majani mdomoni, kabebwa na wanaume wawili. Watu walimpigia mbuzi vigelegele. Mimi niliingia na keki nikaambiwa niiweke pale.

Adelina akanipa kipaza sauti, akashika kisu chenye utepe mwenyewe. Akakata. Kisu kikateleza. Nikaanza: ndugu zangu, ili tuielewe lugha, hatuna budi kuanzia Misri ya kale. Adelina akakata tena. Kisu kikapinda. Nikamaliza Misri. Watoto wakaanza kuchungulia. Adelina akavua hereni na kukunja mikono. Nikaingia Ugiriki. Jasho likamtiririka. Furaha niliyokuwa nayo! Nilihisi naweza kufika mpaka leo!

Ndipo Frank akapaza sauti kutoka kwenye meza ya nyama. Mwalimu, ngoja tukusaidie, usihangaike! Akaja na panga la kukatia ndafu. Pigo moja. La pili. La tatu. Keki ikawa kokoto. Kipande kimoja kilimpiga mbuzi. Adelina akatweta, akatangaza kwamba keki imekatwa. Kipaza sauti kikazimwa. Nilikuwa bado Ugiriki! Neno "Kiswahili" nilikuwa sijalitamka!

Mtu mmoja akajaribu kokoto, akaliweka chini kwa heshima.

Mama Nazmin akasimama. Alikuwa amekaa nyuma na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Akaomba ruhusa, mgeni yeye, aseme kidogo. Akasema ametoka Tanga mwaka sabini na mbili. Mumewe amefariki, wanawe wako Calgary na Kiingereza chao. Katika jengo zima mtu pekee anayegombana naye kwa Kiswahili ni Mwalimu Japhet, na akiondoka yeye, hajui atagombana na nani. Basi msiwaache watoto wakawa bubu kwa wazee wao, akasema. Akakaa. Akafungua kitambaa. Ilikuwa keki yake.

Kura arobaini na moja kwa kumi na mbili. Darasa limebaki! Frank mwenyewe aliinua mkono, mdomo umejaa matufaha.

Nilikuwa nimekwisha simama kushukuru pale Adelina alipoongeza kwamba mwalimu wa darasa sasa atakuwa Mama Nazmin. Mimi msaidizi. Kazi: viti.

Viti!

Domina akanisogelea na sahani yake. Akasema, pole, baba. Kwa Kiswahili. Nilimsahihisha lafudhi, akaondoka.

Jumapili, 9 Oktoba

Nimetafakari kwa utulivu. Ni wazi kwamba Ugiriki ndiyo iliyowalainisha. Yule mama alikuta mlango umefunguliwa, akapita. Nimemwandikia Adelina nikitaka mapanga yapigwe marufuku kwenye shughuli za kiraia. Sara ameniuliza kama nimejiuliza kwa nini dakika moja ya Mama Nazmin imefanya kazi kuliko sabini zangu. Nimejiuliza. Jibu: alikuwa na bahati ya kuzungumza baada yangu.

Mama Nazmin amepiga simu. Anataka niwasalimie watoto siku ya kwanza ya darasa. Dakika mbili, mwanangu, si zaidi.

Nimemshukuru sana. Dakika mbili zinatosha kabisa kwa dibaji. Nimemuuliza hotuba yenyewe itaanza saa ngapi.