Kompyuta Mkwe wa Meneja

Kwa heshima na taadhima ninautangazia umma wa Kyela, pamoja na ndugu zetu wa ng'ambo ya Mto Songwe, kwamba Ofisi ya Kuratibu Mchele Uvukao Mpaka imeingia rasmi kwenye utandawazi. Tumehama mfumo. Kompyuta ya zamani, ile yenye kichogo kama televisheni, imestaafishwa kwa manufaa ya umma. Mahali pake imekaa kompyuta ya mapajani, nyembamba kama kitabu cha nyimbo za kanisani, inayoendeshwa na mfumo mwingine kabisa. Na mimi, Lugano, Katibu wa Kamati ya Kuizoea Kompyuta, niliizoea kabla chai yangu haijapoa. Kuanzia Ipyana mpaka Mwaya hakuna mwingine anayeweza kusema hivyo.

Niliiwasha mbele ya Meneja wetu, Mzee Ambrose, ambaye ni mjomba wangu, ingawa hilo halihusiani na ajira yangu. Ikawaka vizuri. Kwenye kuwasha tulikuwa wazuri sote.

"Sasa nenda pale chini kushoto," Meneja akaniamuru.

Nikaenda chini kushoto. Tangu tuanze kutumia kompyuta, kila jambo la maana lilianzia pale pembeni. Safari hii palikuwa patupu. Vitu vyote vilikuwa vimehamia juu, kama kuku wa Ndandalo mto ukifurika. Kitufe cha kufungia, ambacho siku zote kilikaa kulia, kilikuwa kushoto. Kipanya chenyewe kilikuwa na kitufe kimoja tu. Cha pili labda kilibaki forodhani. Nikabofya kitu. Dirisha likanywea, likazama chini, likapotea pamoja na hotuba ya uzinduzi ya Meneja iliyokuwemo.

"Umechemsha, mpwa wangu."

"Sijachemsha, Mzee. Ninaizoea."

"Basi izime tuanze upya."

Pa kuzimia hatukupaona, kwa hiyo tukafuata utaratibu wetu wa siku zote: Meneja akachomoa waya ukutani. Ile ya zamani ukiichomoa inakufa palepale, kwa adabu. Hii haikufa. Iliendelea kuwaka, inamtazama. Meneja akarudi nyuma mpaka akagonga kabati. Naomba ieleweke kwamba hakuogopa. Alikuwa anafanya tathmini.

Kesho yake ukabandikwa waraka mlangoni.

Kwa wasomaji wa mbali: kwetu sisi Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke huingia migombani mpaka mzee apite. Ni heshima. Sasa Meneja, kwa kuzingatia mila, na kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda Mbeya kuichukua kompyuta na kuwaletea vijana wake wa ofisini, alibaini kwamba yeye ni baba mkwe wake. Kwa hiyo haruhusiwi kuiona. Mwishoni waraka uliongeza kwamba kibali chochote kitakachoandikwa kwa mfumo wa zamani ni batili.

Utekelezaji ulianza mara moja. Meneja akifika barazani alikohoa, mimi nikaitupia kompyuta kitenge, naye akapita uso ukiwa umeelekea ukutani mpaka chumbani kwake. Akitaka taarifa ya maendeleo, aliuliza mlango ukiwa umefungwa.

"Mkwe hajambo?"

"Hajambo, Mzee."

"Ameanza kazi?"

"Bado anayazoea mazingira."

Kamati ilikutana kila siku, kwa soda na maandazi. Tuliazimia kompyuta isalimiwe asubuhi. "Ugonile," tukaiambia, kama tunavyosalimiana sisi. Haikuitikia, lakini mgeni ni mgeni. Tuliazimia pia printa ipewe muda, maana printa ni ya ukoo wa ile kompyuta ya zamani na ilikataa katakata kufahamiana na hii mpya. Waya wake haukupata tundu la kuingia. Tukaunda kikosi kazi cha usuluhishi.

Vibali, kwa hiyo, havikutoka. Watu wasio na elimu waliliita hilo tatizo. Sisi tuliliita kipindi cha mpito.

Ndipo akaja Mama Keziya, mfanyabiashara wa Ndandalo anayepeleka mchele Karonga, upande wa Malawi, alikoolewa dada yake. Lori lake lilikuwa nje, gunia juu ya gunia, chini ya turubai lenye matundu. Na mvua ya Kyela haina kipindi cha mpito.

"Ugonile, mwanangu Lugano."

"Ndaga, mama. Karibu kwenye mfumo mpya."

"Mfumo baadaye. Nimeingiza mkono guniani, mchele una joto kama uji. Usipovuka leo, kesho nawapa bata. Na mtaji wangu wote umo mle. Nipe kibali."

"Mama, wewe ni mdau. Katika soko huria, mdau huvumilia mchakato."

"Huo mchakato unakula wali?"

Nikamweleza habari za mkwe. Alisikiliza mpaka mwisho, akakitazama kitenge, akautazama mlango wa Meneja.

"Mimi baba mkwe wangu namkwepa mpaka leo," akasema. "Lakini sijawahi kumkwepa ili nisilime. Huyu mkwe wenu analima lini?"

Swali hilo lilikuwa nje ya ajenda. Isitoshe, simu ililia chumbani kwa Meneja, na sauti yake ikapenya mlango kama moshi.

"Lugano! Mkaguzi wa Mkoa ameshapita Tukuyu! Anataka kukiona kibali kilichotoka kwenye mfumo mpya! Mpe mama kibali!"

"Kwa njia gani, Mzee?"

"Kitaalamu!"

Keziya akatoka kwenda kuliangalia turubai lake. Mimi, kitaalamu, nikapitia mlango wa nyuma nikiwa nimebeba printa ndani ya koti la mvua, nikaingia stoo, ambako kituo chetu cha dharura, chenye kichogo, kilikuwa kimefunikwa magunia matupu. Kikawaka. Chini kushoto palikuwepo! Nikaandika, nikachapa, nikarudi na kibali kikiwa bado cha moto. Isije ikasemwa kwamba nilitumia mfumo wa zamani. Ule ulikuwa ushirikiano wa mifumo.

Mkaguzi, Bi Beatrice, alishuka garini na viatu vya tope. Meneja akatoka kumpokea, kinyumenyume, ili asimwone mkwe.

"Karibu sana, mheshimiwa," akaliambia kabati.

"Unasema na nani?"

"Na wewe, mheshimiwa. Hapo mezani yupo mkwe wangu."

Nikafafanua mila. Bi Beatrice ni wa kwetu, kwa hiyo hakucheka. Hilo lilinitia wasiwasi kidogo.

"Na hiyo kompyuta inafanya kazi?"

"Inapiga mzigo, mheshimiwa! Kibali cha mama huyu hiki hapa, kimetoka sasa hivi."

Akakisoma, akamgeukia Keziya aliyekuwa amerudi akidondoka maji. "Ni kweli, mama?"

Mimi nilitulia tuli. Kwa waraka wetu, kibali cha mfumo wa zamani ni batili. Keziya akifungua mdomo, anaufukia mchele wake mwenyewe. Huo ndio utamu wa waraka ulioandikwa na wasomi.

"Mheshimiwa," Keziya akasema, "mvua inanyesha. Sahihi kwanza, maneno baadaye. Kalamu yako ina mamlaka?"

"Kuliko huyu anayeongea na kabati."

Akasaini, akagonga muhuri. Keziya akakikunja kibali, akakitia kifuani, akapaza sauti dereva awashe lori. "Ndaga fijo, mheshimiwa. Mungu akuzidishie."

Bi Beatrice akamgeukia Meneja. "Mzee Ambrose, mila ni mila. Baba mkwe hakai nyumba moja na mkwe. Kompyuta ni mali ya Mkoa, haihami. Utahama wewe."

"Nihamie wapi, mheshimiwa?"

"Hapa hakuna stoo?"

"Ipo, mheshimiwa," nikajibu mimi, maana mtumishi mwema hutoa taarifa kwa wakati.

"Basi ndiyo ofisi yako mpaka nitakapoamua vingine."

Meneja akageuka ghafla ili apinge, akakiona kitenge, akafumba macho. Mila yake mwenyewe ilikuwa imemziba mdomo. Nilimsikitikia mjomba. Lakini ofisi haiwezi kuyumba kwa sababu ya huzuni, kwa hiyo nikakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu na madaraka.

"Mheshimiwa," nikasema, "ondoa shaka. Mimi na kompyuta hii tumeshazoeana. Kibali kile nimekiandika hapahapa, juu ya meza hii, na mama huyu ni shahidi yangu."

Keziya alikuwa ameshafika mlangoni, khanga kichwani. Lori lilikuwa linaunguruma. Akasimama, akageuka.

"Shahidi wako nilikuwa nimejikinga mvua dirishani pa stoo, mwanangu," akasema. "Nimekuona umelikumbatia lile likompyuta la zamani kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe wake. Mheshimiwa, huko stoo wapeleke wote wawili."