Presha ya Udongo

Mtaalamu alisikia ugomvi kabla hajaiona nyumba, akapunguza mwendo. Aliinama kana kwamba anafunga kamba za viatu, ingawa viatu vyake havikuwa na kamba.

Nyuma ya ukuta mfupi walisimama wazee wawili, mke na mume, kwenye kipande kitupu cha bustani, kila mmoja kashika kiuno. Mume alitaka hapo papandwe mkorosho: kivuli, korosho za kukaanga, na kitu cha kuwaachia wajukuu. Mke alitaka shubiri: dawa ya tumbo, ya ngozi na ya nywele, tena isiyomlazimu mtu kungoja miaka mitatu. Mume akasema shubiri ni mmea wenye sura ya shemeji aliyenuna. Mke akajibu kwamba korosho zinataka meno, na kwamba yeye hatataja mtu kwa jina.

Hapa ni vizuri msomaji amjue Mtaalamu mapema, maana wengi waliomjua walichelewa. Hakuwa mtaalamu wa chochote. Jina hilo aliletewa na koti jeupe la mtumba, naye akaona si adabu kulikataa. Begani alikuwa na mkoba wenye mashine ya kupimia presha, ile ya mpira wa kubonyeza na mshale, aliyoipata kwa kubadilishana na simu isiyowaka. Kwa mashine hiyo alishapima presha ya visima, ya kuta na, siku moja, ya mbuzi.

Asubuhi hiyo ya Jumatatu alikuwa na shida yake binafsi. Miezi minane alikuwa analala kwenye kochi la dada yake. Kabla hajatoka, dada alimwekea chai, akaketi mbele yake, akamwambia kwa upole uliomtisha kuliko kelele:

"Mdogo wangu, ikifika Jumamosi uwe umepata pa kukaa. Hili kochi nataka nilikalie mimi."

Basi Mtaalamu akapiga hodi, akawaamkia wazee kwa heshima zote, akajitambulisha kuwa anatoka Kitengo cha Ulinganisho wa Mimea. Hakuna aliyewahi kumuuliza kitengo hicho kiko wapi. Koti lilikuwa jeupe mno. Alipiga goti, akakusanya kichuguu cha udongo, akakifunga mkanda wa mashine, akabonyeza mpira, akausoma mshale kwa uso wa mtu anayetafuta maneno ya kuiambia familia.

"Mia na arobaini kwa tisini," alisema. "Udongo wenu una presha."

"Tangu lini?" aliuliza mke.

"Zamani, mama. Ila haukuonyesha dalili."

Mke alitikisa kichwa, akasema huwa inakuwa hivyo. Mtaalamu hakuwauliza walikuwa wanafanya kazi gani kabla ya kustaafu. Ni swali dogo, halimalizi hata dakika, na lingemwokolea wiki nzima.

Aliwaeleza kwamba udongo mgonjwa hauwezi kubeba mimea miwili, na kwamba yeye atailinganisha kitaalamu na kutoa uamuzi. Miche alisema anayo, na kesho yake aliileta. Shubiri yake ilikuwa ya daraja la kwanza, na mkorosho wake ulizaa kwa miezi tisa, sawa na binadamu. Ukweli ni kwamba shubiri aliing'oa kwenye mzunguko wa barabara kuu, na mkorosho ulikuwa tawi lililokatwa kwenye ua wa watu, limechomekwa kwenye kopo la maziwa.

Mume akamvuta pembeni. Chini ya banda palikuwa na kitu kirefu kimefunikwa turubai la bluu. Usukani ulichomoza upande mmoja na kiti upande wa pili. Mzee alinong'ona kwamba magoti yake hayamruhusu tena kupanda pikipiki, kwa hiyo Mtaalamu akisema korosho, chombo ni chake. Hazikupita dakika tano, mke akamwita kwenye dirisha la jikoni, akampa maji ya kunywa, akamnong'oneza kwamba akisema shubiri, ile pikipiki aichukue, maana mzee wake atavunjika nayo shingo.

Mtaalamu alikunywa maji yale taratibu. Katika maisha yake ya kulaghai watu hakuwahi kukutana na biashara isiyo na upande wa kushindwa. Shubiri ikishinda, anapanda pikipiki. Mkorosho ukishinda, anapanda pikipiki. Pikipiki ni kazi, kazi ni chumba, na chumba ni kwaheri ya kochi. Alijisikia vizuri hadi akasema jambo la kweli bila kukusudia: alimsimulia yule mama habari za dada yake, na kwamba kabla ya Jumamosi lazima apate pa kukaa.

"Pole, mwanangu," alisema mama. "Nitalikumbuka hilo."

Kulikuwa na sharti moja tu, nalo lilikuwa la haki. Mzee alitoka ndani na kamba, vigingi na futi ndefu ya chuma, akasema ulinganisho bila vipimo ni porojo. Yachimbwe mashimo mawili, sawasawa, na kwa kuwa mizizi ya mkorosho huenda mbali, kina kiwe mita mbili. Mama alisema shubiri yake isidharauliwe kwa ufupi wake. Nayo ipewe mita mbili. Mtaalamu aliangalia huku na huku amwone mchimbaji. Akapewa sururu.

Jumanne alichimba la mkorosho, koti limetundikwa kwenye msumari. Jumatano alichimba la shubiri, na viganja vyake vikatoa malengelenge ambayo hayajawahi kutokea katika ukoo wao. Alhamisi wazee waligombana upya: je, kwa ukuta ule wa udongo ulioachwa katikati, mimea itakunywa maji sawa? Wote wawili wakamgeukia yeye. Mtaalamu alijua kwamba mtaalamu anaweza kusema lolote isipokuwa "sijui", kwa hiyo alisema kitaalamu ukuta uondolewe. Akauondoa.

Ijumaa mzee alishuka kwa ngazi na kipimo cha pembe, akasema kona hazijakaa vizuri.

"Kwani mizizi inapenda kona, mzee?"

"Mtaalamu ni wewe."

Mtaalamu alifikiri juu ya kochi, juu ya turubai la bluu, na juu ya mgongo wake, kwa utaratibu huo. Alisema inapenda sana. Akazichonga hadi jua likashuka, na mama akamletea chakula mara mbili. Watu wakarimu kwelikweli.

Jumamosi asubuhi alikuwa chini, anafagia sakafu ya shimo kwa ajili ya uamuzi, aliposikia lori la matofali likirudi nyuma. Kichwa cha fundi mwashi kikatokea juu ya ukingo. Fundi alitazama kuta zile zilizonyooka, akapiga mluzi.

"Mzee, huyu umemtoa wapi?" aliuliza. "Siku hizi shimo la choo halichimbwi hivi. Hapa mimi ni kujenga tu."

Mtaalamu alipanda ngazi polepole, akajipangusa magoti, akasimama mbele ya wazee wake. Alitaka kukasirika lakini hakujua aanzie kwenye uongo gani, maana wa kwanza ulikuwa wake.

Mzee alimweleza bila majivuno kwamba miaka thelathini na moja alikuwa mpima ardhi, na shimo zuri analijua. Mama alikuwa nesi muda huohuo.

"Mkanda uliufunga juu chini," alisema kwa huruma. "Na ile shubiri ya kwenye mzunguko tuliipanda sisi, kikundi cha kina mama. Ukipita, irudishe."

"Lakini ugomvi wenu," alisema Mtaalamu. "Shubiri, mkorosho."

Mzee akatabasamu. Ndani ya tabasamu hilo mlikuwa na fizi tupu. Mama akanyoosha kidole nyuma ya nyumba, ambako safu nzima ya shubiri ilinenepa kivulini.

"Na pikipiki?"

Waliongozana naye bandani kwa heshima, na mzee akaondoa turubai. Pale palikuwa na fremu, usukani na kiti. Injini, alieleza, alipewa yule bwana aliyekuja kuuza dawa ya kufukuza popo. Akaishia kukarabati dari yote. Magurudumu walipewa ndugu wawili waliokuwa na rangi ya kuleta bahati; nyumba waliipaka vizuri mno. Hakuna aliyewahi kufanya kazi hapa akaondoka mikono mitupu.

Mama alikifungua kiti mwenyewe kwa spana, akakifuta vumbi kwa upande wa khanga, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Si ulisema unatafuta pa kukaa?"

Mtaalamu alitoka getini na kiti cha pikipiki begani, koti jeupe mkononi. Alijaribu kuvuta picha ya uso wa dada yake atakapomwonyesha, akaiacha picha hiyo ipite. Akasimama kidogo ukutani kupumzisha mgongo. Ndani, sauti mbili zilikuwa zimeshaanza tena, za juu, zenye hasira nzuri: mmoja anataka mbele ya nyumba pawekwe vigae, mwingine anataka kokoto.

Barabarani alikuwa anakuja mtu mwenye tai na faili kubwa, anatembea taratibu, sikio limesimama. Alipofika ukutani akainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyake vilikuwa ndala.

"Ndugu yangu," alimuuliza Mtaalamu kwa sauti ya chini, "hawa wazee wakoje?"

Mtaalamu alihamisha kiti kutoka bega hili kwenda lile.

"Wazee wazuri sana," alisema. "Ingia tu. Ila wakikupa usukani, nitafute. Kiti ninacho."