Gari Letu Jekundu na Rimu za Inchi Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Juni

Nimeosha gari. Jekundu, la spoti, viti viwili. Nililipata wakati nachumbia, na kiti cha abiria hakijui mtu mwingine zaidi ya mke wangu.

Leo, akianua nguo, mke wangu amenikumbusha kwamba Jumamosi tunatimiza miaka thelathini ya ndoa. Hataki zawadi. Hataki keki. Anataka nimpeleke kilimani kwa ile barabara ya kona, kama siku ya kwanza. Siku ile alifunga kitambaa cha njano kichwani. Kwenye kona ya tangi la maji gari lilijipinda kama samaki, akacheka mpaka kitambaa kikapeperuka, wala hakutaka nisimame kukiokota. Nilijua palepale kwamba nimepata mke.

Nimekubali. Lakini nimpeleke na gari lilivyo? Rimu zilezile za inchi kumi na tatu, ndogo kama vifuniko vya sufuria? Aibu! Tena shemeji atakuwepo. Huyu ni kaka mkubwa wa mke wangu, ana gari la spoti la bluu, la zama zile zile, na tumeshindana tangu ndevu zetu zilipoanza kuota. Ametangaza kwamba yeye na mkewe watatusindikiza. Kutusindikiza! Anakuja kunipita kwenye kona, hana jingine.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda gereji kwa Fundi Mluzi. Kaitwa hivyo kwa sababu hasemi neno kabla ya kupiga mluzi: mfupi ni heri, mrefu ni msiba. Ukutani ametundika rimu nne za inchi kumi na saba, pana, zinang'aa kama vioo. Nilijitazama ndani yake. Nilionekana kijana!

Tumebadilishana. Nimemwachia rimu zangu pamoja na feni ya sebuleni. Alipiga mluzi wa katikati, akasema zitaingia, ila zitatokeza nje ya bodi, na tairi zake ubavuni zina mpira kiduchu sana. Nikamwambia dume haliogopi uhaba wa mpira.

Gari limesimama kifua mbele kama bondia. Nimelificha nyuma ya nyumba na kulifunika turubai, liwe zawadi ya ghafla. Mke wangu ameuliza feni iko wapi. Nimesema iko kwa fundi. Si uongo.

Alhamisi, 6 Juni

Jaribio la kwanza, mke wangu akiwa sokoni.

Usukani mzito! Zamani nilikuwa naugeuza kwa kidole kimoja, kingine kikishika mkono wa mchumba. Leo nimeugeuza kwa mikono miwili na meno. Nilipita juu ya kokoto, nikaisikia kwenye taya. Malori yamechimba mifereji barabarani, basi tairi hizi pana zikiuona mfereji zinaufuata kama mbuzi aliyeona majani. Mimi nataka kushoto, zenyewe zinataka kwa malori. Kuondoka, gari linajivuta. Kusimama, linafikiria kwanza.

Na nilipokata kona kuingia nyumbani: krrrrr! Tairi linasugua madigadi. Rangi imebanduka, ile rangi ya kwanza kabisa.

Haidhuru. Nimeuzungushia mchi taulo na kuugonga ukingo wa madigadi uende ndani kidogo. Jirani amechungulia juu ya ukuta akauliza natwanga nini. Nimemjibu kwamba natwanga siri.

Jumamosi, 8 Juni

Siku yenyewe. Sijui nianzie wapi.

Mke wangu alitoka amefunga kitambaa kipya, njano. Moyo wangu ukapiga kama wa kijana. Nikavuta turubai kwa mbwembwe. Akaliangalia gari kutoka mbele hadi nyuma, kisha akaniuliza, "Baba watoto, nani amelivalisha gari letu gambuti?"

Tukaondoka. Shemeji nyuma yetu na rimu zake ndogo, anatabasamu. Namwona kwenye kioo, meno yote.

Kona ya kwanza tulipita kwa dua. Kona ya pili ina tuta dogo katikati. Zamani gari lilikuwa likilimeza. Leo liliruka pembeni hatua nzima, mke wangu akashika mlango. Alinikumbusha kwamba alikuwa akipenda kupitia hapa akiwa amefumba macho, kwa kuwa gari liliinama taratibu na alijua linakwenda wapi. "Zamani lilikuwa linacheza na barabara," alisema. "Sasa linagombana nayo." Alisema bila hasira. Afadhali angenifokea.

Kona ya tangi la maji. Shemeji kanikaribia. Sikukubali! Nikakanyaga mafuta, nikakata usukani kwa nguvu zangu zote. Krrrrr! Tairi likauma madigadi, moshi wa mpira ukatanda, gari likakataa kupinda, tukaishia kwenye majani, pua ikinusa tangi.

Shemeji alitupita akipiga honi kama yuko kwenye msafara wa harusi. Kisha akarudi nyuma, akashuka, akaniuliza kwa upole kama tumeumia. Upole huo ndio ulioniua.

Mke wangu mgongo ulikuwa unamuuma. Viti ni viwili viwili, kwa hiyo yeye amepanda kilimani na kaka yake, na mke wa shemeji ameachwa nami kando ya barabara. Amekula karanga zetu zote akinisimulia habari za magoti yake. Miaka thelathini ya ndoa yangu!

Jumapili, 9 Juni

Mke wangu amekunja kile kitambaa na kukirudisha kabatini.

Nimemwendea Mluzi kudai rimu zangu. Mluzi mrefu. Mrefu kuliko wote niliowahi kusikia. Ameniambia kwamba gari langu ni jepesi, na gurudumu zito likirushwa na shimo, springi haiwahi kulirudisha chini. Na likitokezea nje, kila tuta linauvuta usukani. Nikamuuliza kwa nini hakusema Jumanne. Akajibu kwamba Jumanne nilikuwa najitazama.

Na rimu zangu zimekwisha ondoka. Zimechukuliwa na mtu tangu Jumatano. Shemeji!

Jumatatu, 10 Juni

Nimekwenda kwa shemeji. Nimempa shikamoo, jambo ambalo sijalifanya tangu harusi. Akaitikia marahaba akilirefusha, akanipeleka stoo. Zilikuwa pale, zote nne, juu ya mkeka, zimeoshwa.

Nilidhani atanicheka. Amenisimulia kwamba siku ile ya kwanza dada yake alirudi nyumbani kichwa wazi, nywele timutimu, akaisimulia kona ile kwa ndugu wote mpaka wakachoka. "Nililichukia gari lako, shemeji," akasema. "Lakini nilipoziona rimu hizi pale gereji, roho ilikataa kuziacha. Ni za dada yangu pia."

Nikajifanya nakagua boliti.

Kisha akatoa sharti lake: niseme mbele ya mkewe kwamba gari la bluu linakata kona kuliko jekundu. Nikasema. Akadai hajasikia. Nikasema kwa sauti. Mkewe akaniomba nirudie, kwamba alikuwa anatafuna.

Jumanne, 11 Juni

Mluzi amerudishia rimu za zamani. Jioni nikamwambia mke wangu tupande. Akasita mlangoni. Akazitazama zile rimu ndogo, akavua viatu, akaketi, akapandisha miguu juu ya dashibodi kama msichana.

Gari limekuwa jepesi! Usukani unanong'ona. Tuta la kona ya pili limemezwa. Tulipokaribia tangi la maji nikaona amefumba macho, nami nikaliacha gari liinamie kona lenyewe, polepole. Akacheka. Si kicheko cha zamani. Kimekuwa kinene, kina wajukuu ndani yake. Ni kizuri zaidi.

Kule juu tuliketi juu ya boneti mpaka ikapoa. Aliniambia hakuwahi kutaka gari lionekane lolote. Alitaka limpeleke kule lilikompeleka siku ile ya kwanza. Nimeelewa. Nimeelewa kabisa.

Ijumaa, 14 Juni

Rimu kubwa, kamwe! Nimekoma. Mtu mzima huambiwa mara moja.

Ila leo nilipita gereji kumshukuru tu Mluzi. Ana bawa. La nyuma, la kufungwa juu ya buti, refu kama ubao wa kupigia pasi. Anasema hewa inalikandamiza gari chini, na halitaruka tena kwenye tuta. Haliruki tena hata hivyo, lakini tahadhari ni bora. Shemeji hana bawa!

Nimelichukua na kulificha chini ya godoro. Mke wangu ameuliza kwa nini godoro limepanda upande wake. Nimemwambia ni uzee wa godoro.