Taa Inayomtii Jirani

Jumatatu, 4 Machi
Alhamisi mama mkwe anakuja kupigwa picha ya kustaafu ualimu. Sebuleni kwake kuta zimejaa kazi za mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu. Yangu hakuna hata moja! Na studio zetu zimetengwa na ukuta mmoja tu, wenye kioo juu. Safari hii patachimbika. Nimenunua flashi ya pili, ya mtumba, isaidiane na ile mpya niliyo nayo.

Jumanne, 5 Machi
Ajabu! Flashi ya mtumba imewaka yenyewe mara tatu, mimi nakunywa chai. Nikibonyeza kamera, mpya inawaka, ya mtumba imenuna. Pichani shavu moja jeupe, jingine giza. Nimechanganyikiwa kabisa. Mke wangu akasema taa hiyo ina jicho: ikiona flashi yoyote, nayo inawaka, kisha lazima ipumue kwanza, ijichaji, ndipo iwake tena. Inaiona ya mwanyumba kupitia kioo. Niizibe jicho, niiunganishe na kamera kwa waya. Waya! Mwanyumba ananiwashia taa yangu, halafu mimi ndiye nihangaike?

Jumatano, 6 Machi
Dawa ya moto ni moto. Nimepanda stuli, nikaelekeza flashi mpya kwenye kioo, nikapiga arobaini mfululizo. Zake nazo ziwake ovyo! Mwanyumba akachungulia mlangoni, akanipongeza kwa kupata wateja wengi. Kumbe zake zina waya. Mpya yangu ikatoa moshi, ikazima. Roho inaniuma.

Alhamisi, 7 Machi
Mama kaja, kapendeza, kakaa. Nimebaki na taa moja, tena isiyonitii. Jasho! Mara nikamsikia mwanyumba ng'ambo ya ukuta akiwahesabia wateja wake: moja, mbili, tatu. Nikazima taa za chumba, nikaiweka kamera ikae wazi sekunde nzima, nikamwomba mama atulie. Akauliza tunamsubiri nani. Nikasema nuru. Kwenye tatu nikabonyeza. Yake ikamulika kiooni, ya mtumba nayo ikawaka! Picha safi ajabu. Mama akasema leo nimemfurahisha. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Ijumaa, 8 Machi
Imetundikwa sebuleni, katikati! Sifa zimeenea: nina wateja watatu, wameshikilia tabasamu tangu saa tatu. Mwanyumba hajafungua. Mke ameweka waya mezani. Nimeusogeza kando, fundi wa nuru hafungwi kamba. Nimemtumia mwanyumba ujumbe, kwa heshima zote, kumuuliza leo anafungua saa ngapi.