Supu ya Jogoo Aliye Hai

Jumanne, 14 Juni 1988. Kitale.
Habari mbaya kutoka Kamukuywa! Muuza vitunguu ameleta salamu: Mjomba Mukhisa, ndugu ya marehemu mama, anakuja Jumamosi. Mjomba hali mboga kwa mpwa wake. Lazima kuku, na firigisi, imondo yenyewe, ikae juu ya sahani aione. Sasa kuku gani? Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilifagia mtaa mzima. Amebaki Chifu, jogoo wangu. Huyu ni uzao wa kuku za mama. Akiwika alfajiri nafumba macho, niko Kamukuywa tena: mama anapuliza moto, chungu cha supu kinanong'ona, anaonja kwa kiganja. Kumchinja Chifu? Afadhali nichinjwe mimi. Jogoo aliyefukuza mwewe mpaka Lugulu, akarudi kwa miguu!

Alhamisi, 16 Juni.
Nimepata! Jirani Hiram anajisifu ati viazi vyake vinanukia nyama na nyama hakuna. Siri ni vile vipande vya supu, vidogo, pembe nne, vimevaa karatasi ya kung'aa. Mbio dukani kwa Kuldip. Kuldip akasema kimoja kinatosha sufuria nzima, mzee, usizidishe. Nikamwambia nimepikia wazungu wa shamba supu kabla yeye hajaota ndevu. (Niliosha sufuria zao. Lakini sufuria hufundisha.) Nimenunua pakiti nzima. Mke wangu Nasambu amechukua kimoja cha maharagwe yake. Nimemwachia. Mimi ni mtu wa mambo makubwa.

Jumamosi, 18 Juni.
Chifu nilimfunika kwa karai nyuma ya choo, adhani ni usiku. Mjomba akafika, kofia kichwani, tumbo tayari. Vipande vyote sufuriani. Harufu, bana! Hiram alichungulia uani akauliza nimechinja kuku wangapi. Mjomba akaonja. Machozi yakamtoka. Nikadhani ni kumbukumbu. Ilikuwa chumvi.

Akakoroga, akakoroga, akauliza nyama iko wapi. Nikasema mpishi hodari hupika kuku mpaka anayeyuka, ndio mtindo wa hoteli kubwa. Akaniangalia sana. Akauliza: na imondo pia imeyeyuka, mwana wa dada? Nikaanza kueleza. Wakati huohuo Nasambu akaenda kuchukua karai aoshee vyombo. Chifu akaona jua ghafla. Akawika kama wilaya mbili zinangoja habari!

Mjomba hakukasirika. Aliweka kijiko chini, akafumba macho, vile mimi hufanya alfajiri. Akasema pole pole, huyo ni wa Nakhungu, dada yangu. Sauti ileile. Kisha akala maharagwe ya Nasambu, sahani mbili, akauliza nani alimfundisha huyu mama mkono wa marehemu.

Jumapili, 19 Juni.
Mjomba ameondoka, Chifu kwapani. Ati kideri kilimaliza majogoo wake wote, matetea wake ni wajane, na damu ya Nakhungu irudi alikozaliwa Nakhungu. Mjomba hanyimwi. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikimshika Chifu mkia. Nasambu anasema si ningesema ukweli mlangoni, mzee angekula maharagwe aende zake, asijue kuna jogoo. Nasambu haelewi mipango.

Jumatano, 22 Juni.
Nimeamka saa tatu. Kimya. Hakuna moto, hakuna chungu, hakuna mama. Mabati tu. Nimekata shauri: Jumamosi naenda Kamukuywa kumtembelea Mjomba, nilale huko, nimsikie Chifu asubuhi hata mara moja. Nimefurahi mpaka nikapiga viatu rangi. Nasambu akauliza taratibu: na wewe ukiwa mgeni, Mjomba atakuchinjia nini?

Chifu wangu! Mbio kwa Kuldip. Pakiti mbili. Nitampa mke wa Mjomba mlangoni, nimfundishe kupika kuku mpaka anayeyuka. Na safari hii sishikwi. Mama Chesang wa nyumba ya pili amechinja bata leo, nimemwomba firigisi. Nani atajua? Nimeifunga kwa gazeti, iko mfukoni mwa koti langu la safari. Itangoja Jumamosi. Kila kitu tayari.